Hapana Aliyepinga

Zaragoza, 4 Machi 1993

Izarbe,

Mwalimu Braulio anazipiga kurasa pasi. Kila jioni anazichukua nyumbani, anazinyoosha moja moja juu ya taulo kwa pasi ya mkewe, na asubuhi anazirudisha shuleni zikiwa bado zimekunjamana, kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini. Ukurasa mmoja haujapatikana. Chabier anasema aliuona umenasa kwenye wavu wa mpira wa kikapu, lakini Chabier husema mengi.

Ni mimi. Nalisema hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama.

Ijumaa ile uliponipa ufunguo wa kabati, nilikitoa kitabu cha sheria za kale, kile ambacho Mwalimu aliachiwa na marehemu baba yake, nikaenda kukisoma dirishani. Nilitaka nusu saa tu. Nilipotazama saa, basi la kwetu lilikuwa karibu kuondoka, nikakimbia. Kitabu nilikiacha penye dirisha, na dirisha sikulitia komeo. Dirisha la upande wa cierzo, ule upepo wetu mkali wa baridi. Hata mtoto wa miaka minne wa mji huu anajua kwamba dirisha la upande ule hutiwa komeo hata siku ambayo jani halitikisiki. Upepo ukaja Jumamosi, ukalifungua, ukakisoma kitabu chote siku mbili, kisha ukakimwaga uani na ndani ya bwawa la chemchemi.

Jumatatu ukaniuliza kwenye ngazi, "Ulikirudisha?" Nikasema, "Nilikirudisha." Mimi ambaye maneno hunikwama kooni kama mifupa ya samaki, neno hilo lilitoka laini kabisa.

Unajua yaliyofuata, uliposema ufunguo ulikuwa wako na lawama yote ikakuangukia, ila hujui ya mwisho, kwa sababu ulitolewa nje. Mwalimu alisema darasa litaamua kama Bunge la Aragón la zamani, sisi tumegawanyika makundi manne, wakuu, wapanda farasi, makasisi na miji. Akauliza kama wanafunzi wanakubali uvuliwe ufunguo na uondolewe kwenye ujumbe wetu wa kwenda mbele ya wabunge. Akauliza mara tatu kama kuna anayepinga. Amekwisha kutufundisha kwamba zamani mtu mmoja tu akisema "napinga," bunge zima lilisimama, na mfalme mwenyewe akangoja, mpaka mtu yule asikilizwe. Mtu mmoja tu, Izarbe. Nilikuwa karani. Kalamu ilikuwa mkononi. Mara ya tatu ilipopita, nikaandika kwenye muhtasari yale maneno ya makarani wa kale, kwa mwandiko wangu mzuri: Hapana aliyepinga.

Sitaituma hii.

Orosia


Zaragoza, 6 Machi 1993

Izarbe mpenzi,

Natumaini ulifika Valdesargas salama na basi halikuharibika tena pale mlimani. Kiti chako darasani hakijakaliwa na mtu. Nimekiwekea begi langu ili Chabier asihamie.

Kila mtu anasikitika. Tulidhani ungeondolewa kwenye ujumbe tu. Hatukujua kwamba Mwalimu ndiye aliyekuandikia barua ya tabia njema kwa masista wa bweni, wala kwamba akiiondoa barua ile nawe unakosa kitanda. Nadhani hata yeye hakulifikiria mpaka sista msimamizi alipompigia simu. Bila bweni hakuna shule, najua. Ningekwambia uje ulale kwetu, lakini unaijua nyumba yetu, mimi mwenyewe nalala sebuleni.

Mwalimu anarekebisha kurasa. Hali ya hewa ni baridi. Tumeanza sura mpya ya historia, ile ya mfalme aliyelifuta bunge letu. Wasalimie kwenu wote, hasa Babu Valero.

Wako,
Orosia


Valdesargas, 12 Machi 1993

Orosia,

Umejaza karatasi nzima na hukusema kitu. Utakuwa mbunge mzuri.

Mimi ni mzima. Hapa tuko watu thelathini na mmoja, mbwa ni wengi kuliko sisi. Nimepata kazi bonde la pili, kwenye nyumba ya kukaushia mapaja ya nguruwe. Kazi yangu ni kusugua chumvi. Wanawake wa pale wananiita Profesa kwa sababu siku ya kwanza niliwauliza chumvi inatoka wapi. Mmoja akanijibu, "Kwenye gunia, Profesa."

Babu alitaka aelezwe yote. Unajua alivyo, hapa kijijini hatuna diwani, tuna kikao cha wazi tu, watu wote mlangoni pa kanisa baada ya misa, na yeye ndiye mzee wa kikao mwaka wa ishirini huu. Hupiga mlango kwa fimbo mara tatu na kuuliza kama kuna anayepinga. Kwa hiyo jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa kitabu. Aliniuliza, "Darasa zima, na hakuna hata mmoja aliyesema napinga?"

Nilikuwa nje ukumbini, sikuona. Lakini nilimwambia, alikuwepo mmoja. Nikamwambia ni wewe. Uso wake ulikunjuka. Tangu siku hiyo anakuita "yule msichana."

Sasa niambie la maana. Ujumbe bado utakwenda kwenye jumba la Aljafería Aprili, mbele ya wabunge? Nani atasoma lalamiko letu la basi? Kikao kilinipa mimi, kwa kauli moja. Kampuni imesema italiondoa basi la Jumanne na Ijumaa kiangazi kikianza, na Babu hana njia nyingine ya kufuata dawa zake za moyo. Baba hana gari, una habari. Lile lalamiko tuliliandika wote, kila nyumba sentensi moja. Halifai kubaki kabatini.

Izarbe


Zaragoza, 18 Machi 1993

Izarbe mpenzi,

Wamenichagua mimi.

Mwalimu alisema lalamiko ni la kijiji, si la mtu, na lazima lisomwe. Akauliza nani anajitolea, watu wakatazama dari, kisha Chabier akasema, "Msomaji wetu mkuu yuko pale mbele," akininyooshea kidole. Darasa likapiga makofi. Nilitaka kukataa. Unanijua nikitaka kukataa ninavyokuwa, natikisa kichwa kidogo sana hata watu hudhani nakubali.

Tunafanya mazoezi kila Alhamisi. Mwalimu husimama mwisho wa ukumbi, nami nasoma, naye anaweka mkono sikioni. Chabier sasa ananiita Mheshimiwa Mbu. Nikimaliza kusoma hunipungia leso na kuuliza kama mheshimiwa ameanza.

Sentensi ya nyumba yenu ndiyo naipenda kuliko zote: "Basi lisipokuja tutakuwa hai, lakini hakuna atakayejua."

Kuhusu siku ile ya kura, naomba tusiizungumzie. Mshukuru Babu.

Orosia


Valdesargas, 25 Machi 1993

Orosia,

Basi tusiizungumzie.

Sista msimamizi ameandika. Anasema kitanda changu kitakaa wazi mpaka tarehe 31, na Mwalimu Braulio akirudisha barua yake kabla ya hapo nitarudi kana kwamba sikuondoka. Baada ya hapo kuna msichana wa Calatayud anakingoja. Sikuombi kitu. Nakutajia tarehe tu, ili uijue.

Kuhusu kusoma. Usitazame karatasi, maneno unayajua. Tazama mlango wa nyuma na ujifanye Babu amesimama pale na masikio yake mabovu na kofia yake. Ukiona ametoa kofia, amesikia.

Mikono yangu imepasuka kwa chumvi, samahani kwa mwandiko.

Izarbe


Zaragoza, 2 Aprili 1993

Izarbe mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na mafua makali, sikuweza kutoka.

Bweni wamesemaje?

Orosia


Valdesargas, 14 Aprili 1993

Mjukuu wangu Orosia,

Nakuita mjukuu bila kukuomba ruhusa, kwa kuwa umri wangu unaniruhusu. Naandika kwa penseli, kalamu za wino zinanishinda. Izarbe hajui kwamba nakuandikia, yuko kazini.

Pasaka ilipita vizuri. Kitanda cha bweni kimekwenda, bila shaka amekwambia. Hakulia mbele yetu. Alikwenda kuwalisha kuku, akakaa huko saa nzima, na sisi kuku tunao sita tu.

Nataka kukushukuru kwa neno ulilosema siku ile darasani. Mtu akipinga peke yake, watu humchukia wiki moja. Wiki ya pili huanza kumletea kuni. Nimekaa kwenye vikao miaka mingi, nimeyaona yote mawili.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia Izarbe. Mwaka walipotaka kuifunga shule yetu, mzee wa kikao wa wakati ule alipiga mlango mara tatu. Shule ilikuwa na watoto tisa. Ningesema neno moja, wangelazimika kungoja mpaka majira mengine, na pengine wasingerudi. Lakini shemeji yangu alikuwa ameitamani nyumba ya mwalimu, nami sikutaka ugomvi mezani. Nikavitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, navikumbuka mpaka leo. Ndiyo sababu mjukuu wangu alilazimika kwenda mbali kutafuta shule. Kwa hiyo aliponiambia kwamba huko mjini msichana mmoja mwenye haya alisimama kwa ajili yake, nililala vizuri usiku ule.

Ndani ya kifurushi kuna kikopo cha zafarani ya shamba letu. Ni ya mwaka jana, tuliichambua kwa mikono watu wanne kwa siku tatu. Usiipike na chochote. Ngoja siku ya furaha.

Tarehe 21, mbele ya wabunge, soma kwa sauti.

Valero


Zaragoza, 24 Aprili 1993

Izarbe,

Barua hii ni ndefu na haina adabu za mwanzo. Nimeiandika mara nne.

Sikupinga. Hakuna aliyepinga, na mimi ndiye niliyeyaandika maneno hayo kwenye muhtasari. Na kitabu nilikiacha mimi dirishani. Sikukirudisha. Niliposema kwenye ngazi nilikirudisha, nilikuwa nimekwisha kuziona kurasa zinaelea bwawani.

Sikuwa na mafua. Tarehe 31 nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu nikagonga. Alifungua mwenyewe, na nyuma yake nikaona meza, na taulo, na pasi inafuka moshi. Akasema, "Orosia, karibu, kuna nini?" Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi moja njia nzima kutoka mtoni. Nikamwambia nimekuja kuazima kitabu. Akafurahi. Akaniazima viwili. Nikarudi navyo nyumbani na sikuvifungua.

Kisha Babu yako akaniandikia, na akaniletea zafarani. Nilidhani huo ndio mwisho, kwamba mtu hawezi kunyamaza baada ya barua kama ile. Lakini nilinyamaza siku nne zaidi. Nikajiambia, nitasema Aljafería, palepale, mbele ya wote. Kitabuni kitu cha namna hiyo kingependeza.

Basi tulikwenda. Tulivuka handaki la ngome, tukapita ule ua wa michungwa, na Chabier alinyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wabunge kama kumi walikaa nasi. Kabla ya kuanza, mama aliyekaa kiti cha spika alitueleza kwamba zamani mfalme alipokuja kuomba askari au kodi, bunge lilimjibu, kwanza malalamiko. Yasikilizwe yote, ndipo tuzungumze yako. Kisha akasema, "Basi na leo tuanze na malalamiko. Valdesargas."

Nilisimama. Niliutazama mlango wa nyuma kama ulivyosema, na kwa kweli nilimwona Babu, na hakuitoa kofia. Mzee mmoja wa safu ya mwisho alisema kwa upole, "Hatukusikii, binti, rudia." Sikurudia. Nilisoma upesi upesi nikimtazama yeye tu, nikaruka sentensi tatu, na ile ya nyumba yenu ikawa mojawapo. Nikakaa. Watu wakapiga makofi ya huruma. Lalamiko la pili lilikuwa la kijana wa Huesca kuhusu uwanja wa mpira, alikuwa na sauti kama kengele, na wabunge wakamuuliza maswali mpaka saa ya chakula.

Mwisho yule mama akauliza mara tatu, kwa desturi ya kale, kama kuna anayepinga chochote. Aliuliza polepole. Kati ya mara ya pili na ya tatu kulikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kusema maisha yake yote. Nikavitazama viatu vyangu.

Niliongea kesho yake, mlangoni pa darasa, wakati wengine wamekwisha kutoka. Mwalimu hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema kitanda kimekwisha kupewa mtu, ameshauliza. Kumbe aliuliza mwenyewe, kwa sababu kura ile ilikuwa inamsumbua. Kisha akasema, "Nimefundisha miaka kumi na minane kwamba lalamiko husikilizwa kwanza na kura huja baadaye. Siku ile nilianza na kura." Akainamia meza na mimi nikaondoka.

Sikuombi unisamehe. Naomba umwambie Babu ukweli, au unikataze nami nisimwambie. Uamuzi ni wako.

Orosia


Valdesargas, 3 Mei 1993

Orosia,

Nimekurudishia penseli yako. Imo ndani ya bahasha. Ile ya kijani, yenye alama za meno yako mwishoni. Niliiokota penye dirisha Jumatatu ile kabla ya kengele, nikaitia mfukoni kabla Mwalimu hajapanda ngazi. Ndipo nikakuuliza kama ulikirudisha.

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo. Nilisema ufunguo ulikuwa wangu kwa sababu ulikuwa wangu, na kwa sababu nilijua wewe ukiulizwa mbele ya watu utazimia. Nilidhani utapumua kidogo, kisha utasema. Nilikupa siku moja.

Na mlango wa darasa letu, kama hujawahi kusimama nyuma yake, ni mbao nyepesi tu. Nilimsikia Mwalimu akiuliza mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nilikuwa nimeshika kitasa, nikijiambia, sasa. Kisha nikasikia kalamu yako. Wewe huandika ukiikandamiza kalamu, nilikuwa nakucheka kwa hilo, unakumbuka? Nilihesabu maneno. Yalikuwa mawili.

Nilimdanganya Babu kwamba ulipinga. Kwanza ilikuwa kwa ajili yake. Halafu nikakuandikia wewe uongo huohuo, nikidhani utasoma na kuona haya na kusema, hapana, Izarbe, sikupinga. Hapo ningekuwa na rafiki, hata bila kitanda. Nikakutajia na tarehe. Ukaniambia una mafua.

Kuhusu Aljafería sina la kusema. Sauti ni sauti. Lakini ile sentensi uliyoiruka aliitunga bibi yangu kabla hajafa, mwaka wa kwanza walipotishia kuliondoa basi. Tuliihifadhi.

Babu nitamwambia mimi, nikipata siku yake. Usimwandikie.

Izarbe


Zaragoza, 9 Mei 1993

Izarbe,

Sijui kama utaifungua barua hii, kwa hiyo nasema mambo mawili tu.

La kwanza. Juzi nilimwomba Mwalimu asimamishe somo. Nilisimama mbele ya darasa, sikuzimia. Niliomba muhtasari wa tarehe mosi Machi urekebishwe. Mwalimu alisema muhtasari uliofungwa haufutwi, makarani wa zamani nao hawakufuta, waliandika pembeni. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikaandika pembeni, mbele ya wote: Orosia Lacambra anapinga, kwa kuwa kosa lilikuwa lake, amechelewa siku sitini na saba. Chabier akauliza kama maana yake tupige kura upya. Mwalimu akasema ndiyo, lakini aliyehukumiwa hayupo, na hatujui kama angetaka. Chabier akasema, "Basi aulizwe." Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akisema kitu bila kucheka. Nakuuliza, basi. Mwalimu ameandika barua kwa mabweni mengine mawili. Moja limejibu kwamba limejaa mpaka mwakani. La pili halijajibu.

La pili. Kikopo cha zafarani nimekifunga vizuri na kukirudisha pamoja na barua hii. Sijakifungua. Kilitolewa kwa msichana ambaye hakuwepo.

Orosia


Valdesargas, 1 Juni 1993

Orosia,

Nilifungua.

Kura yenu sijui niifanyie nini. Mwalimu aliniandikia pia, barua nzuri, kurasa nne, anaomba radhi vizuri kuliko wewe. Lile bweni la pili limekubali, lakini kuanzia Oktoba, na mimi nimekwisha kuandikishwa hapa kwenye chumvi mpaka Krismasi. Baba anasema tutaona. Wanawake wa kazini wanasema Profesa usiende, utatuachia nani wa kumcheka. Bado nafikiri.

Babu nilimwambia Jumapili baada ya kikao. Nilimsomea kipande chako cha pembeni, kile cha siku sitini na saba, halafu nikamweleza yaliyotangulia. Tulitembea mpaka nyumbani. Akaniuliza, "Kwa hiyo siku yenyewe, nani alipinga?" Nikamwambia, "Hakuna, Babu." Akaketi. Akanisimulia habari ya shule yetu na nyumba ya mwalimu na shemeji yake. Wewe uliijua kabla yangu. Sijapenda hilo, lakini ndivyo ilivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita ya kumkasirikia na nilipata dakika tano tu, kwa sababu alikuwa amechoka.

Kisha nikampa kikopo. Akakigeuzageuza, akaona utepe alioufunga yeye haujaguswa. Sikujua atasema nini. Alisema, "Zafarani hairudishwi kwa posta. Mwambie ailete mwenyewe." Akanipa nikitume tena kwako. Kimo kwenye kifurushi hiki.

Sikusema mimi uje. Alisema yeye.

Na sijui utakuja na nini. Basi lilipita mara ya mwisho Ijumaa. Dereva alipiga honi kutoka darajani mpaka kanisani, na Babu alisimama mlangoni, akatoa kofia.

Kutoka barabara kuu ni kilomita kumi na nne kwa miguu. Hupotei. Njia ni moja.

Izarbe